Wifi, Usirudi Bado

12 Februari

Wifi yangu,

Nimefika. Najua utacheka kwamba nimeanza kama mzigo uliopokelewa stesheni, lakini hilo ndilo neno ulilokuwa unalingoja, basi nimelitanguliza.

Nimepewa chumba ghorofa ya tatu, kwenye nyumba inayotunzwa na watu wa mji huu wenyewe: walimu, wastaafu, seremala mmoja, daktari wa meno. Wanampokea mtu aliyejitia matatani na wakubwa wa kwao kwa kutetea haki za wenzake, wanamkalisha miezi sita apumue, halafu arudi kwenye kazi yake. Mtu mmoja kwa wakati, maana chumba ni kimoja. Anayenisimamia ni mama wa makamo niliyempa jina la Bibi Funguo. Shingoni ana funguo kumi na nne, na akitembea analia kama mbuzi aliyevishwa kengele.

Amenipa masharti mawili. Nisipige simu nyumbani, kwa sababu simu zenu zina sikio la tatu. Na barua zipitie kwa Wakili, azipokee mkononi kwa watu wanaosafiri. Anwani ya hapa aijue yeye na wewe tu. Nikauliza, hata mume wangu? Akasema, hata yeye, kwa sababu mtu hakamuliwi asichokijua. Nikakubali, shingo upande.

Bado naiona ile siku, wifi. Saa sita mchana, askari wawili wananiletea hospitalini yule mchimba kokoto, kijana aliyekuwa akidai wenzake watatu waliofukiwa machimboni wafukuliwe wazikwe. Wakasema ameanguka kutoka kwenye lori. Mimi nikaandika kwenye daftari la mapokezi nilichokiona: alama za kamba kwenye vifundo vya mikono, mbavu nne, nyayo zilizovimba. Saa tisa alikuwa amekufa. Asubuhi yake ule ukurasa ulikuwa umekatwa kwa wembe, wasijue kwamba nilishaunakili na kumpa Wakili. Yaliyofuata unayajua. Gauni langu la kazi uliliondoa mlangoni wewe mwenyewe, limechanwa toka kola hadi pindo.

Hapa nalala vizuri. Kiti nilichokiegemeza mlangoni ni mazoea tu.

Mwambie Chiriku asimchoshe mwalimu wake kwa maswali. Na kaka yako mwambie shati lake la bluu lina kifungo kilicholegea.

Wifi yako,
Sista

1 Machi

Wifi mwenye maneno yako,

Barua imefika ikiwa imekunjwa mara nane ndani ya soksi ya msafiri. Nimeisoma nimebana pua.

Hapa hatujambo. Chiriku anamtangazia kila mtu kwamba mama yake amekwenda kusomea sindano za kisasa. Juzi akaniuliza, "Shangazi, mtu akienda kusoma, mbona haagi?" Nikamwambia, "Kula, chakula kinapoa." Akaniangalia vile anavyoangalia, akala. Miaka minane ile, lakini macho ya hakimu.

Kaka yangu ni mzima. Anaendesha gari lake la wagonjwa kama kawaida. Amepungua maneno, lakini lini aliwahi kuwa nayo? Kifungo nimekikaza.

Mimi nashona. Hospitali bado wananiletea mashuka yao ya kutia viraka, na wateja wengine wapo. Kuna mmoja wa miwani myeusi, nimembandika jina hilohilo, Miwani. Kaniletea suruali sita za kupunguza urefu. Nikamwambia alete na wenyewe niwapime. Akasema, "Pima kwa macho." Hii ni wiki ya tatu na hajazichukua. Anakuja, anakaa kwenye benchi, anaitazama ile picha yako na Chiriku ukutani, nikimwambia ziko tayari anasema, "Hazina haraka, malizia za wengine." Tangu nishike mkasi, wifi, sijapata kumwona mteja asiye na haraka.

Lakini usitie moyoni. Watu wa ajabu wako wengi, na wote wanavaa suruali.

Wifi yako,
Fundi

22 Machi

Wifi,

Hizo suruali ni za rangi gani? Mrudishie. Ukimkosa mwenyewe, mpelekee Wakili akae nazo. Mtu anayeacha kitu chake nyumbani kwako ana sababu ya kurudi kukitafuta.

Jumamosi Bibi Funguo alinipeleka kwenye ukumbi wa shule, watu kama themanini hivi. Nilidhani nitaongea nilie, lakini niliongea kama natoa ripoti ya zamu, kitanda kwa kitanda. Nilipomaliza hawakupiga makofi. Waliburuta meza katikati, wakatoa kadi na kalamu, wakaanza kuandika. Kila kadi kwa mtu mmoja tu, mkuu wa kituo cha polisi cha kwetu: tunajua kilichompata mchimba kokoto, tunafuatilia, tunaomba mashahidi waachwe salama. Bibi mmoja mikono yake inatetemeka kwa maradhi. Alitumia nusu saa kwa kadi moja, akakataa kusaidiwa. Nilijiuliza kadi itamfanya nini mtu mwenye bunduki.

Wakili amenipa tarehe. Uchunguzi wa kifo utasikilizwa mahakamani tarehe 15 Julai, mwezi mmoja kabla ya muda wangu hapa kwisha. Ameomba nitoe ushahidi nikiwa hukuhuku, kwa kioo cha kompyuta. Tunangoja jibu la hakimu.

Sasa nikuulize jambo, na usinizungushe. Mume wangu nimemwandikia mara mbili ndani ya bahasha zako na hajajibu hata mstari. Nikikuuliza, unaniambia kifungo. Kama kuna mwanamke, niambie wewe, nisije nikasikia kwa upepo. Nilimwacha bila kumuaga vizuri, na mwanamume aliyeachwa na kitanda kikubwa ana mengi ya kufikiria.

Sista

14 Aprili

Mama Chiriku,

Utashangaa barua hii imekujia moja kwa moja kwa posta. Mume hashindwi kujua mkewe yuko wapi.

Mama amelazwa tangu Jumatatu. Ni kifua. Wewe ndiye unayemjulia dawa zake na kila akiamka anakutaja. Sisi tunamwambia uko njiani.

Hali huku imetulia. Nimeongea na mkubwa mwenyewe, uso kwa uso. Amesema hakuna mwenye ugomvi nawe. Kuna karatasi moja tu ya kutia saini, kwamba siku ile uliona vibaya kwa uchovu wa zamu. Uchovu si aibu, kila mtu anajua manesi wanavyokesha. Ukishasaini, unarudishiwa kazi yako, na mtoto anarudishiwa mama yake.

Niambie siku ya ndege, nitakuja kukupokea mwenyewe.

Njoo kabla ya Julai. Tafadhali. Unajua neno hilo silitumii ovyo.

Mumeo

27 Aprili

Wifi,

Mama amelazwa na hukuniambia? Mwanamke aliyenifundisha kumnyonyesha mwanangu, anahangaika na kifua, nami nasikia kwa barua ya posta!

Nimeshafunga begi. Liko mlangoni, mahali pa kile kiti. Bibi Funguo hakunizuia. Alikaa juu ya begi lenyewe, funguo zake zikalia, akaniuliza jambo moja: "Anwani hii aliipata wapi?" Nikamwambia mume wangu si adui. Akasema hakumwita adui, ameuliza tu swali. Akaniomba nisubiri jibu la barua hii moja.

Nasubiri. Lakini kama Mama akifa nikiwa nimekaa hapa natazama bustani ya watu, wewe na mimi hatutaitana wifi tena.

Sista

8 Mei

Wifi, usirudi.

Nimelitanguliza ili hata karatasi ikichanika, neno hilo liwe limebaki juu.

Mama si mgonjwa. Leo asubuhi amebeba ndoo mbili za maji na kunisimanga kwamba mimi nimebeba moja. Hajui lolote kuhusu barua ile. Hakuna karatasi moja ya kusaini. Kuna hati ya kukukamata, Wakili ameiona kwa macho yake: wizi wa nyaraka za hospitali. Ukitia mguu uwanja wa ndege, watakaokupokea si kaka yangu.

Na hakuna mwanamke. Laiti angekuwapo! Mwanamke ningejua la kumfanya.

Wifi, anwani ameitoa kwangu. Nilikuwa nimeifunga ndani ya kitambaa, kwenye droo ya cherehani. Siku niliyokwenda kununua nyuzi alibaki na Chiriku, na nilipofungua droo kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri mno. Mimi sikunji hivyo. Kaka yangu ndiye anayekunja hivyo, tangu utotoni. Nikanyamaza, nikajidanganya. Kila Alhamisi huchelewa kurudi, basi Alhamisi hii alipotoka zamu nikamfuata kwa mbali. Akaingia kituo cha polisi kwa mlango wa nyuma, kama mtu anayeujua. Alipotoka nikamsimamia mbele.

"Kila Alhamisi?" nikamwuliza.

Hakukataa. "Kila Alhamisi."

"Umewauzia mkeo?"

Akaniambia, "Sijauza kitu. Walinionyesha karatasi. Wameichora njia anayopita Chiriku kwenda shule. Nyumba kwa nyumba, dada. Hata lile duka analosimama kutazama paka, wameliandika. Na saa anayosimama."

Alikuwa akilia barabarani, mtu mzima na sare zake, na watu wanapita. Nilitaka kumzaba kibao, nikajikuta namfuta pua kwa kanga yangu. Ndugu yangu wa tumbo moja, wifi. Ningemfanya nini?

Tangu siku hiyo Chiriku nampeleka shule mwenyewe na kumfuata mwenyewe, kila siku kwa njia tofauti. Ameshaanza kuniuliza kama tumepotea.

Kuna jingine, na hili ni langu. Nimelificha tangu siku yenyewe.

Saa sita ile mchana nilikuwapo. Nilikuwa nimeleta mashuka, niko nyuma ya pazia la kitanda cha mwisho nayahesabu. Wewe ulikuwa umekimbilia dawa. Nikamsikia askari mmoja anamwambia yule kijana, "Sema ulianguka." Naye akajibu, sauti ndogo, lakini neno kwa neno: "Sikuanguka. Mlinining'iniza." Pazia lilikuwa na tundu ambalo hawajaniletea nilitie kiraka. Niliziona nyuso zote mbili, na zile alama za kamba mikononi mwa kijana. Mmoja wao ndiye Miwani, siku hiyo hakuwa amevaa miwani.

Niliyaacha mashuka nikatokea mlango wa jikoni. Wewe ukasimama peke yako ukaandika, ukachaniwa gauni, ukakimbizwa nchi, na mimi nikawa nakutumia habari za vifungo. Sasa umejua.

Fundi

25 Mei

Wifi,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikatoka nikatembea mpaka mji ukaisha.

Nina hasira nawe. Acha niiandike, maana nikiimeza itanipasua. Miezi minane ulikuwa unakunywa chai jikoni kwangu, mimi nikilia kwamba hakuna mwingine aliyeona nilichokiona, labda nimechanganyikiwa, labda kweli nilichoka. Wewe ukinimiminia chai! Ungeniambia usiku mmoja tu, "wifi, hukuchanganyikiwa," ningelala.

Haya, nimemaliza.

Kaka yako simlaani. Nimejaribu, sikuweza. Ile ramani ya njia ya mtoto ningeonyeshwa mimi, sijui ningesaini nini.

Hakimu amekataa nitoe ushahidi kwa kompyuta. Amesema shahidi awe mahakamani kwa miguu yake. Wakili anasema bila shahidi ile nakala yangu ni karatasi tu, wataiita ya kughushi. Najua unachofikiria, maana nakujua. Usifanye. Sikuombi, nakukataza. Wewe huna hata bega la kuegemea pale. Mimi nilikuwa na chama cha manesi, nilikuwa na Wakili, na bado ilibidi nikimbie.

Nimemwambia Bibi Funguo habari zako zote. Akaenda kwa wenzake, wakakaa kikao siku nzima. Chumba ni kimoja nami nimo, lakini yule seremala ana vyumba viwili juu ya karakana yake. Amesema ataondoa mbao, apige rangi, wewe na Chiriku mje. Barua za kuwaalika zimeshaandikwa. Kilichobaki ni hati ya kusafiria ya mtoto, na hiyo haitoki bila saini ya baba yake.

Muombe. Ukiona haombeki, usimlazimishe, asije akaipeleka habari Alhamisi.

Nijibu haraka.

Sista

2 Julai

Kwa Sista,

Nakuandikia mimi, Wakili, kwa sababu Fundi hakuwa katika hali ya kuandika. Tulia kwanza: yuko hai na yuko nje.

Kama ulivyokwisha kusikia kwa wenyeji wako, alikamatwa tarehe 6 Juni kazini kwake. Zile suruali sita zilikuwa sare za polisi zilizotolewa vifungo na nembo. Hakuzitambua, na mimi sikuziona mapema kwa sababu hakuniletea kama ulivyomshauri. Alidhani mwenyewe atazifuata. Walizikuta kwenye rafu yake, wakamfungulia shitaka la kushona sare za dola kwa ajili ya wahalifu. Siku kumi na moja alikaa mahabusu, na siku sita za mwanzo nilizuiwa kumwona. Mtoto alikuwa kwa bibi yake.

Kilichomtoa hakikuwa ufundi wangu. Niliwaarifu wenyeji wako siku ileile. Wiki iliyofuata mifuko ya posta ilianza kuwasili kituoni. Kadi elfu tatu na zaidi, Sista, kutoka miji ambayo mimi sijawahi kuisikia, zote zikimtaja Fundi. Mkuu wa kituo alinilalamikia kwamba karani wake hana kazi nyingine ila kuchana bahasha. Kisha maofisa wawili wa ubalozi wa nchi hiyo uliko wakaja wakaketi kwenye benchi la kaunta, wakasema watangoja mpaka wamwone. Walingoja saa saba. Siku ya pili yake shitaka likafutwa, akaachiwa.

Ana vidole viwili vya mkono wa kulia vilivyovunjika. Anasema alibanwa na mlango. Sikumhoji.

Amenituma nikwambie maneno haya, nami nayanakili: "Mwambie katazo lake nimelisikia, na mimi ni mkubwa wake kwa miaka miwili."

Wakili

18 Julai

Wifi,

Vumilia mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, kama Chiriku alipoanza shule.

Nimesema. Nimeyasema yote mbele ya hakimu, na sasa niko nyumbani kwa ndugu ya Wakili na Chiriku amelala kifudifudi karibu yangu anachora paka.

Siku yenyewe nilikwenda nimevaa lile gauni la kijani nililolishona kwa ajili ya harusi yako. Mahakama ilikuwa imejaa watu wasiojulikana, wanaume wa mabega mapana, wote wananiangalia mimi. Kisha nikaona benchi la mbele. Wamekaa watu watano wageni, wana beji shingoni na daftari mapajani. Mmoja ana funguo, wifi! Nikazisikia zikilia kabla sijamwona mwenyewe. Hakunisalimia, hakutabasamu, aligeuza tu ukurasa mweupe akashika kalamu. Nikajua nitakachosema hakitakatwa kwa wembe.

Wakili wa polisi akasimama. "Wewe ni daktari?"

"Fundi cherehani."

"Fundi cherehani anajuaje alama za kamba?"

"Mheshimiwa, kazi yangu ni uzi. Najua uzi uliokazwa mno unaacha alama gani kwenye kitambaa. Ngozi nayo ni vilevile."

Watu wakacheka, kisha wakaziba midomo, kama waliokumbuka walipo.

"Na uliona kupitia pazia?"

"Kupitia tundu. Lipo mpaka leo, hamjaniletea nilishone."

"Kwa nini ulinyamaza muda wote huo?"

Hapo, wifi, niliangalia chini. Nikasema, "Niliogopa. Hata sasa naogopa. Yule ninayemwogopa amekaa pale, safu ya tatu, amevaa miwani ndani ya nyumba." Nikanyoosha kidole. Ni kimoja cha vile vilivyovunjika, kikanyooka kombo, lakini kila mtu alijua kinaelekea wapi.

Kaka yangu alikuwapo. Alisimama nyuma kabisa, mgongo ukutani, kofia mkononi. Nilipotoka hakunifuata.

Nilipofika kazini kwangu nilikuta mlango uko barabarani. Cherehani iko barabarani. Mashuka ya hospitali yamekanyagwa matope, na ile picha yenu imeondolewa ukutani, haikuvunjwa, imechukuliwa. Jirani muuza viatu aliniona akafunga duka lake, saa nane mchana. Ndipo nikaenda kwa Wakili moja kwa moja, nikatuma mtu akamlete Chiriku.

Jana kaka akaja pale tulipojificha. Nilimsukuma Chiriku nyuma yangu, maana kama yeye ametupata, nani atashindwa? Akasema, "Nimezunguka saa mbili, nimebadilisha magari matatu. Hakuna anayenifuata leo." Akatoa kalamu kabla sijamwomba. Zile karatasi za hati ya mtoto akazisaini zote, taratibu, kama anavyokunja nguo.

Nikamwambia, "Wakijua umesaini?"

"Watajua. Alhamisi wataniuliza."

"Basi usiende Alhamisi. Njoo nasi."

"Tukiondoka wote kwa pamoja watafunga uwanja. Nikiwapo mimi zamuni, wanadhani nanyi mpo." Akamwinua Chiriku, akamwambia asafiri vizuri, asiulize maswali kwenye ndege mpaka iwe juu. Kisha akanipa ujumbe wa kukuletea: "Mwambie nilimdanganya juu ya Mama. Yale mengine sikudanganya."

Ndege ni tarehe 22, asubuhi. Mama amekataa kuja. Anasema hajapata kumkimbia mtu aliyemzidi umri, sembuse vitoto vyenye bunduki.

Fundi

9 Agosti

Baba Chiriku,

Barua hii sijui itakukuta wapi. Nampa msafiri aipeleke kwa Wakili, naye akae nayo mpaka akuone.

Walifika. Dada yako alishuka na mkoba mmoja na mkasi wake uliochukuliwa na kurudishwa mara mbili na wakaguzi. Chiriku alinitazama mlangoni, akaniuliza, "Umemaliza kusoma?" Nikamwambia nimemaliza. Akaniambia wewe ulimruhusu kuuliza maswali ndege ikiwa juu, na kwamba ameuliza arobaini na moja. Wanakaa juu ya karakana ya seremala. Ametengeneza meza ya kushonea, na daktari mmoja amevifunga upya vile vidole. Havitanyooka, lakini vinashika sindano.

Tarehe 24 hakimu alisoma uamuzi wake. Mchimba kokoto alikufa kwa kupigwa, na wale wawili washitakiwe. Mama yake alikuwapo mahakamani, Wakili anasema alikaa palepale baada ya watu kutoka, mpaka mfagiaji akamwomba ainue miguu. Mmoja wa wale wawili yuko ndani. Yule wa miwani hajaonekana.

Na wewe hujaonekana.

Wakili ametuambia yote, nimemwomba asinifiche kitu. Alhamisi ile, baada ya wao kuondoka, hukutokea kituoni. Ijumaa, saa nne asubuhi, uliitwa uende na gari kumchukua mgonjwa machimboni. Hakukuwa na mgonjwa. Gari lilikutwa kando ya barabara, milango yote miwili wazi, redio bado inakuita urudi hospitali. Kofia yako ilikuwa juu ya kiti. Kituoni wanasema hawakujui. Leo ni siku ya kumi na tano.

La Mama nimekusamehe. Nililisamehe hata kabla hujaomba, na nimejuta kwamba sikukuandikia siku ileile. Nilijiwekea kwamba nitakwambia mwenyewe, uwanja wa ndege, ukija.

Muda wangu hapa unaisha kesho. Wamenipa miezi sita mingine bila kuombwa, lakini sikuikubali kwa ajili ya kupumzika. Asubuhi nakwenda na Bibi Funguo kwa wabunge wao, mchana tunaandika kwa kila ubalozi ulioko kwetu. Dada yako anasema jina lako lishonwe kwenye kitambaa kirefu, na ndiyo kazi yake ya kwanza kwenye ile meza.

Jana walijaa ukumbini tena, wengi kuliko ile mara ya kwanza. Mimi na dada yako tulisimama mbele, Chiriku katikati. Nikawaambia wewe ni nani: dereva wa gari la wagonjwa kwa miaka kumi na sita, mtu wa maneno machache, mwoga kama sisi sote, aliyetia saini. Kisha nikaliandika jina lako ubaoni, maana walitaka kulijua kabla ya kuliweka kwenye kadi. Wakajaribu kulisoma. Chiriku aliwasahihisha mara ya kwanza, mara ya pili, akakata tamaa akawaacha. Wazee kwa vijana, ukumbi mzima, hakuna hata mmoja aliyelipatia. Wanalikosea, mume wangu, kila mmoja kwa namna yake, lakini hawaachi kulitaja.

Mkeo